Picha ya Roma Ukutani Kwangu

Mume wangu alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake mmoja nusura uninyang'anye kitu pekee nilichokitaka katika nyumba ile.

Kazi yangu ni kuchora upya picha za kale za dini, zile za Waitalia waliokufa karne nyingi zilizopita: Mama Maria na Mtoto, Karamu ya Mwisho, malaika akiingia chumbani kwa bikira bila kupiga hodi. Naitazama picha kwenye simu, naigawa kwa miraba ya penseli, kisha naipaka kwa mkono, mraba baada ya mraba, hadi iwe tayari kwa ukuta wa sebule ya mtu hapa Bunia. Wateja wangu ni akina mama wenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma. Wengi wananiomba nimvalishe Mtoto Yesu, maana wanaona haya kumkaribisha katekista mbele ya makalio yale. Wakitaka shati, nawapa shati. Mmoja alitaka na soksi, kwa sababu asubuhi za huku zina baridi, nikampa soksi. Walokole wa mtaani wanasema natengeneza sanamu za kuabudiwa. Kelele za mlango hazinikoseshi usingizi.

Katika ile ya kwangu sikumvalisha mtu yeyote kitu.

Hatukujaliwa mtoto, mimi na mume wangu. Nalisema hivyo hivyo, kwa sababu wengine wamelisema kwa kuzungukazunguka miaka yote na limenichosha. Siku moja nikamwambia, mtoto wa nyumba hii nitamchora mimi. Hakucheka, na yeye alikuwa anacheka kila kitu. Alikuwa dereva wa lori kwenye njia ya Niania, na safari iliyofuata alirudi na mbao nzuri kutoka Komanda, akaziunga mwenyewe zikawa fremu. Kitambaa hatukuwa nacho. Nikatoa kabatini shuka moja ya maua mekundu tuliyopewa siku ya ndoa, tukaivuta juu ya fremu na kuipigilia misumari midogo pande zote. Niliipaka uji mwepesi wa muhogo ikakakamaa, nikaifunika kwa rangi nyeupe, ndipo nikaanza kuchora. Joho la Maria nililipaka bluu ile ile ya milango ya shule. Mtoto nilimwacha kama Mwitaliano alivyomwacha: uchi, mnono, mikunjo kwenye mapaja, mkono mmoja umeshika ukosi wa mama yake.

Kaka zake mume wangu walipokuja kututembelea, wakauliza imetoka wapi.

"Roma," akawajibu. "Padri mumoja njo alinipatia."

Kisha akanikonyeza. Wakasimama mbele ya ukuta mikono nyuma, wamenyamaza kama wako kanisani. Safari nyingine walikuja na jirani zao ili nao waione picha ya Roma. Mimi nilikuwa jikoni nimeziba mdomo kwa kanga. Sikuwahi kuwasahihisha. Mzaha ulikuwa wake, na alikuwa anaufurahia sana.

Akafa kwa shinikizo la damu, ghafla, lori likiwa limeegeshwa nje.

Matanga yalipokwisha, kaka zake wakaja na shangazi yao kugawa vitu vya marehemu. Kwao mjane asiye na mtoto hana la kusema: vya mwanaume vinarudi kwa ndugu zake. Wakatoa televisheni. Wakatoa pikipiki, wakatoa viti pamoja na vitambaa nilivyofuma mimi. Nikawatazama tu. Mtumai cha nduguye hufa maskini, nikasema moyoni, wabebe. Ndipo yule mkubwa akanyoosha kidole ukutani.

"Na hii foto ya Roma, tunabeba."

"Hiyo haitoke hapa," nikasema. "Haiko ya kaka yenu. Mimi njo niliipaka."

Wakacheka, wote.

"Weye? Shemeki, acha bongo, usitudanganye. Kaka alituambia ye mwenyewe, ilitoka Roma."

"Alikuwa anawachezea."

Shangazi yao akakunja uso. "Muke wetu, usimusingizie mufu. Na unabakia na foto ya nini? Hauna hata mutoto hapa."

Hasira ilinipanda. Miaka yote hiyo sikuwahi kumjibu yule mama, kwa heshima. Siku ile heshima niliiweka chini.

"Mutoto njo huyu," nikasema, nikimwonyesha yule mnono ukutani. "Nilimuzaa na mikono yangu. Mutu asimuguse."

Nikapanda juu ya ndoo, maana viti walikuwa wameshavitoa, nikaishusha picha na kuilaza mezani kifudifudi. Upande wa nyuma maua mekundu yalikuwa wazi kabisa, na pindo la shuka pamoja na uzi wake. Shangazi akasogea. Akagusa pindo, akainama kulitazama.

"Hii drap..."

"Ni weye ulinipatia siku ya ndoa, shangazi. Roma banauzaka drap ya soko ya Bunia?"

Mdogo wao akaanza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Lakini yule mkubwa si mtu wa kushindwa mbele ya wadogo zake.

"Sawa, ulipaka. Lakini mbao? Mbao iko ya kaka. Alileta na kamyo yake."

"Mbao iko yake kweli," nikamjibu. "Ngoja."

Nikaleta nyundo. Nikang'oa misumari mmoja mmoja, nikiitia kwenye kikombe, taratibu, kwa sababu rangi ikikunjwa inapasuka. Shuka ilipoachia, nikaiweka pembeni na kumkabidhi shemeji yangu fremu tupu kwa mikono miwili, kama inavyopasa kumpa mkubwa kitu. Akaipokea. Angefanya nini? Alikuwa ameidai mbele ya watu. Akaivaa begani, akatoka nayo hadi barabarani, na jirani mmoja akamuuliza kwa sauti picha yenyewe iko wapi. Sikusikia alimjibu nini.

Shangazi alibaki mlangoni. "Mutoto wangu alituchezea kweli," akasema, na machozi yakamtoka. Kisha, bila mimi kumwomba, akaja kunishikia pembe moja ya shuka nikiipigilia upya, moja kwa moja ukutani, kwa misumari ile ile.

Misumari nayo ilikuwa ya marehemu. Hiyo sikuwapa.