Habari za Kanada Kila Jumamosi

Juzi nilikuwa narudi Fort Worth kutoka Houston, ninakosoma, na kabla sijafika kwa mama nikajikuta nimekata kona kuingia Haltom City. Nyumba zetu za zamani bado zipo, zile ghorofa za matofali, ila zimepakwa rangi ya kijivu, na dirisha la jiko letu lina pazia la watu wengine. Nilizima gari nikakaa. Unajua, rafiki yangu, kuna mahali ukisimama mbele yake tumbo linakumbuka kabla ya kichwa. Nikasikia harufu ya sombe, kisamvu chetu cha Kongo, na hapakuwa na mtu anayepika.

Tulifika pale nikiwa mtoto, tukitokea kambi ya wakimbizi Tanzania, na kabla ya kambi Kongo, ambako mimi sikumbuki kitu. Baba alifanya kazi kwenye ghala, mama aliwahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza. Bibi, mama yake baba, alikuwa na kazi moja kubwa: kuingoja Jumamosi.

Jumamosi ndiyo siku ambayo mdogo wake alipiga simu. Kambini hao wawili walipikia jiko moja. Kisha majina ya watakaohamishiwa ng'ambo yakatoka, mdogo akaitwa Kanada na bibi akaitwa Amerika. Watu walimfariji kwamba nchi hizo zimepakana, bibi akasema basi atakuwa anakwenda kumsalimia kwa miguu. Tulipofika Texas nilimwonyesha kwenye ramani ya shule mahali tulipo sisi na mahali alipo mwenzake. Aliitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena. "Waliochora hii hawana ndugu," akasema.

Basi kila Jumamosi asubuhi simu ilisimamishwa mezani, imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Mimi na bibi tulikuwa tunachambua ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani, huku Bibi wa Kanada, ndivyo tulivyomwita, akitusomea dunia ya kwake. Alitueleza theluji inayofunika magari. Alitueleza watu ambao ukiwakanyaga wanakuomba radhi wao. Jirani yetu, mama mmoja Mkenya, alijifanya anakuja kuazima kitunguu ili asikie.

Siku moja ilikuwa habari ya bangi.

"Yaya," alisema, maana sisi dada mkubwa tunamwita yaya, "huku sasa banauzisha bangi dukani. Serikali yenyewe imekubali. Na risiti banakupa."

Bibi aliacha kuchambua. "Bangi? Ile ile?"

"Ile ile."

"Na polisi?"

"Polisi wanapita tu, wanasalimia."

Tulicheka mpaka baba, aliyetoka zamu ya usiku, akagonga ukuta. Lakini bibi hakucheka. Kambini kijana wa jirani yetu alikuwa amevunjwa mkono na polisi kwa msokoto mmoja. "Basi ule mtoto hakuwa mbaya," akasema. "Alizaliwa tu mahali pabaya."

Jumamosi nyingine ilikuwa uchaguzi. Bibi wa Kanada alisimulia kwamba aliyeshindwa alitokea kwenye televisheni, akampongeza mwenzake, akaenda kulala.

"Hata hawaku-fight kidogo?" jirani akauliza, kitunguu mkononi.

"Hata kidogo."

"Sasa watu walijuaje kama uchaguzi umekwisha?" bibi akauliza, na safari hii alicheka mwenyewe mpaka akafuta macho kwa kitenge.

Kuna moja ambayo sijaisahau. Bibi wa Kanada alisema mkubwa wa nchi yao amesimama mbele ya wenyeji wa zamani, ambao watoto wao walichukuliwa kwa nguvu wakapelekwa shule za mbali, akawaomba msamaha huku analia.

"Alilia machozi kabisa?"

"Kabisa, yaya."

"Na wao walifanya nini?"

"Wengine walilia. Wengine waligeuza uso."

Bibi alinyanyuka akafungua bomba, ingawa hakukuwa na chombo cha kuosha. Maji yakamwagika. "Sisi," akasema akiwa ametupa mgongo, "hata akitokea wa kutuomba msamaha, atatukuta wapi? Mmoja yuko Texas, mwingine yuko kwenye theluji."

Nilinyanyuka nikafunga bomba.

Kisha Bibi wa Kanada akapata uraia na pasipoti, akasema anakuja Pasaka. Ilikuwa 2020. Bibi alijaza friza sombe, akamfundisha ndugu yangu mdogo kusema "Karibu, bibi" badala ya "Hi". Mimi nilitoa kitanda changu. Halafu ugonjwa ukaja, ndege zikafutwa, mpaka ukafungwa. Bibi hakulia. "Mpaka unafungwa, mpaka unafunguliwa," alisema. "Tumeona mipaka mingi."

Kiangazi kile mama alirudi kazini akiwa na homa. Ikampata baba, ikatupata sisi, ikampata bibi. Sisi tulipona. Yeye alichukuliwa hospitali, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Muuguzi mmoja mwenye huruma alimwekea simu sikioni, na Bibi wa Kanada akazungumza naye mchana mzima: bei ya nyanya, mvua, waziri fulani aliyejiuzulu, yote, mpaka sauti ikamkauka. Muuguzi alituambia bibi hakujibu, ila vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya shuka, kama mtu anayechambua kitu.

Tulimzika wachache, tumesimama mbali mbali, barakoa usoni. Baba alishika simu juu ya kaburi. "Inamisha kidogo," sauti ilisema kutoka Kanada. "Nione udongo." Baba akainamisha. "Ni mweusi," akasema yule bibi. "Udongo mzuri. Ungeotesha mihogo." Kisha tukamsikia analia, na upepo wa Texas ukaingia kwenye simu, ukamfunika.

Alikuja mwaka uliofuata. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka kambini. Aliketi jikoni mahali pa bibi bila kuonyeshwa, akala kidogo, akashukuru. Baba, akitaka kumchangamsha, akamwuliza, "Mama mdogo, tupe basi habari za Kanada. Wanasiasa wenu wanasemaje?"

Alimtazama kwa upole. "Zile habari zilikuwa za yaya," akasema. "Mimi mwenyewe siasa sizipendi. Wiki nzima nilikuwa nazitafuta kwa ajili yake."



Siku hizi habari za Kanada ninazisoma mwenyewe kwenye simu, kwa Kiingereza, na nadhani ninazielewa kuliko walivyozielewa wale wawili. Wanachaguana, wanajiuzulu, wanazozana na Amerika kuhusu ushuru. Ninasoma mpaka chini, ninazima. Hakuna aliyezitafuta kwa ajili yangu, na jikoni hakuna anayezingoja.