Mabuti ya Mavyaa Wangu

Nilisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka nyuma yangu, na mwanangu wa miaka minne, aliyekuwa amesinzia mapajani, akaamka analia. Tulikuwa kwenye kantini ya hospitali, watu kama ishirini, karibu wote wa klabu ya matembezi ya wafanyakazi. Kiongozi wa safari alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusoma orodha ya watakaokwenda Himalaya. Jina la mavyaa wangu halikuwamo.

Hilo peke yake ningelimeza. Lililonishinda ni maelezo yake. Alisema kwenye matembezi ya majaribio kule Wales mavyaa alianguka chini zaidi ya mara moja, na alipoitwa hakuitika. Mavyaa akanyoosha mkono, akamwambia kwa Kiingereza chake kizuri tu, "Nilikuwa nasali." Yule bwana akatabasamu kwa huruma. "Bila shaka," akasema. "Katika hali ile hata mimi ningesali." Kisha akanigeukia mimi, mimi niliyekwenda kusikiliza tu, ambaye sijawahi kupanda hata kichuguu. "Tafadhali mweleze mkweo kwamba ni kwa usalama wake."

Mweleze! Mwanamke huyu kasafisha wodi za hospitali ile miaka kumi na moja. Anawajua madaktari kwa majina na kwa vituko vyao, anabishana na manesi kwa lugha yao na anawashinda. Leo aelezwe na mimi?

"Mweleze mwenyewe," nikasema. "Amekaa mbele yako. Masikio anayo, na akili kakuzidi."

Watu wakainamia vikombe vyao. Mavyaa akanivuta gauni. "Kaa kitako, mwanangu," akaninong'oneza. "Usitutie fedheha, hawa watu wa kazini."

Sikukaa. Nilimbeba mtoto nikatoka, nikaenda kusimama kwenye kituo cha basi.

Sasa nirudi nyuma, maana mimi mwenyewe sikuanza upande wa mavyaa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Tulikaa Barking, ghorofa ya tisa kwenye jengo la kaunsili, mimi, mume wangu, mtoto na mavyaa, ambaye ni mama wa mume wangu, mtu wa Pemba, umri hamsini na sita. Siku moja alirudi kazini na karatasi aliyoibandua kwenye ubao wa matangazo. Ilikuwa na picha ya mlima mweupe. Akaiweka juu ya meza ya jikoni, akavua koti, akasema, "Nataka kwenda huku."

Nilicheka mpaka nikashika sinki. "Mama, wewe baridi ya hapa tu unavaa soksi mbili."

"Basi huko nitavaa tatu."

Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Nikamwambia mume wangu mama yake kachanganyikiwa. Lakini jioni ile, tukichambua mchele, mavyaa alinieleza jambo ambalo hata mwanawe halijui. Siku yake ya mwisho skuli, akiwa darasa la sita, mwalimu wa jiografia alichora milima ya Himalaya kwa chaki ubao mzima, toka pembe hii hadi ile. Kengele ikalia kabla watoto hawajanakili. Zamu ya kufuta ubao ilikuwa yake. Akafuta. Kesho yake hakurudi, kwa sababu alikuwa anaozwa.

"Niliufuta mlima mzima kwa mkono wangu huu," akasema, akiupepeta mchele. "Nataka nikauone."

Hapo sikucheka tena.

Akajiandikisha kwenye klabu, akaanza mazoezi kwa ngazi. Lifti yetu ilikuwa mbovu siku nne katika saba. Mimi ilikuwa inanitoa roho, kigari cha mtoto mkono huu, mifuko ya sokoni mkono huu, nashuka napanda natukana. Mavyaa aliniambia niache kutukana neema. Ngazi zilikuwa mia moja na arobaini na nne. Alipanda kila asubuhi kabla ya kwenda kazini na kila alasiri akirudi, lifti ikiwa nzima au imekufa. Mwanzo alibeba mchele wa kilo tano kichwani, mikono ikining'inia, shingo imenyooka kama mlingoti. Klabu wakamwambia lazima azoee shanta ya mgongoni. Akautia mchele kwenye shanta, na baada ya wiki tatu akaongeza ukawa kilo kumi. Sisi tulikula mchele ule kidogo kidogo, naye akijaza mawe mahali pake ili uzito usipungue. Siku moja nilikaribia kupika mawe.

Mabuti ndiyo yaliyotuvunja mbavu. Aliambiwa ayavae miezi kabla ya safari yapate kulainika, la sivyo yatamchubua. Basi akayavaa kila mahali. Akikaanga maandazi, kanga kiunoni, mabuti miguuni. Akifagia, mabuti. Jirani wa chini akaja kugonga mlango kuuliza kama tumeweka farasi. Mpaka kwenye harusi ya watu wetu akaenda nayo, chini ya gauni la kung'ara. Mwanamke mmoja akayaona, akapiga kelele, "Shoga! Umeandikishwa jeshi?"

"Ndiyo," mavyaa akajibu, "na wewe ukiendelea na sahani hiyo ya tatu utakuwa kifaru chetu."

Ramadhani ikaingia Disemba. Nilimwambia apumzike na ngazi. Akakataa. Alipanda alasiri na mdomo mkavu, shanta mgongoni, mara moja tu badala ya mara mbili, akafika juu magharibi inakaribia, akakaa sakafuni karibu na mlango akingoja adhana ya redio na tende yake mkononi. Hakulalamika hata siku moja. Mimi mwenye miaka ishirini na sita nilikuwa nimelala kwenye kochi nasubiri futari kama mgonjwa.

Lakini siri yake kubwa ilikuwa pumzi. Niligundua siku niliyompandia nyuma. Mkononi alikuwa na tasbihi. Hatua moja anavuta pumzi, subhanallah, hatua ya pili anaitoa, subhanallah. Kila hatua punje moja. Hakukimbia na hakusimama ovyo. Ikitimia tisini na tisa anasimama kidogo, anakunywa funda la maji, anaanza upya. Mimi nilimpita ghorofa ya pili nikijiona kijana. Ghorofa ya sita nilikuwa nimeshika ukuta, kifua kinawaka, naye akanipita na mchele wake. Mwanangu, aliyemshika bibi yake kidole, akaniambia kwa Kizungu chake cha nasari kwamba mama lazima ajitahidi.

Na yule kiongozi wa safari mwenyewe ndiye aliyefundisha hivyo! Mavyaa alinichukua kwenye mkutano wa klabu kuona picha kwenye kitambaa cheupe. Bwana yule akaeleza vizuri, na mimi nikamsikiliza vizuri. Kule juu hewa ni chache. Ukikimbilia kupanda, kichwa kinauma, unatapika, unaweza kufa. Nenda taratibu. Kunywa maji mengi. Anayetangulia kufika siye bora. Mavyaa alinigusa kiwiko, kama mtu anayesikia khatibu anaisoma hotuba aliyokwisha kuihifadhi.

Halafu ndiyo ikaja Wales.

Mimi sikwenda. Niliyasikia kutoka kwa rafiki yake wa famasi, mama wa Kihindi wa Kingsbury, mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Alikuja nyumbani siku ya pili baada ya mkutano ule wa kantini. Kapanda ngazi zote, lifti imekufa, kafika anahema, kabla hajakaa akaanza.

"Mimi nilikuwa pale, mwanangu. Mita hamsini mbele yake. Mama kafika kwenye bega la mlima, kaangalia saa, kaangalia dira, katandaza koti la mvua. Akasali adhuhuri, akainuka, akasali alasiri. Safari si unachanganya na kupunguza? Mimi si Mwislamu na najua!"

"Sasa kuanguka kumetoka wapi?"

"Kibla kilikuwa bondeni. Akisujudu, kichwa chini, miguu juu ya mteremko. Yule kiongozi yuko kule juu na wenye haraka, ukungu unapita, anaona mtu kalala kifudifudi. Anapiga filimbi. Anaita jina. Mama atamjibuje katikati ya sala?"

"Hakushuka kuangalia?"

"Ashuke? Alikuwa na watatu wanatapika pale juu, kwa mbio zao. Alipotoa salamu mama alimpungia mkono. Akafika dakika arobaini nyuma yetu, hatoki jasho, akawamiminia wale watatu chai ya tangawizi kwenye chupa yake. Na wote watatu wamo kwenye orodha."

Mavyaa alikuwa jikoni anatusikia. Akatokeza kichwa. "Rakaa nne," akasema, "sijida nane. Yeye kaandika nilianguka mara mbili. Hata kuhesabu hajui."

Tukacheka, sote watatu, mpaka machozi. Kisha nikasema nitaandika malalamiko rasmi, na mavyaa akaacha kucheka.

"Usiandike."

"Kwa nini, mama?"

"Watu wamenipa kazi miaka kumi na moja. Nimeingia nchi hii sina hata mwavuli. Sitaki kuitwa mgomvi."

Hawa watu wa umri wake, waliokimbia wakafika hapa na mtoto mgongoni, ndivyo walivyo. Ukiwakanyaga mguu wanakuomba radhi kwa kuuweka pale. Nilikasirika naye yeye pia, na siwezi kusema uongo, nilimwambia. Nilimwambia heshima ya kunyamaza ndiyo iliyomtoa skuli. Nilijuta neno lilipokwisha kutoka.

Asubuhi yake nikasikia mabuti kwenye korido. Nikatoka na mswaki mdomoni. Alikuwa anakaza mikanda ya shanta.

"Mama, si wamekukata?"

"Wamenikata kwenye karatasi. Magoti hayana habari."

Akashuka. Nilisikia hatua zake mpaka chini, kisha nikazisikia zinaanza kupanda, kwa mwendo uleule. Nilikaa kizingitini nikazisubiri. Nimeona watu hodari maishani mwangu, mama yangu mzazi mmoja wao, lakini sijaona mtu anayeweza kudhulumiwa jioni na asubuhi akaamka kufanya kazi ileile kana kwamba dhuluma ni mvua. Mimi siwezi. Mimi nikilowa nitapiga kelele.

Alipofika juu alikaa karibu yangu, akatua shanta, akakunywa maji.

"Andika," akasema. "Lakini usitukane. Na useme kweli yote. Sema nilichelewa dakika arobaini, maana nilichelewa. Na nisomee kabla hujaipeleka."

Nilisoma mpaka fomu foo tu, lakini barua nilifundishwa na mwalimu mkali. Niliiandika kwa Kiingereza, kwa kalamu, mara tatu, mtoto akichora pembeni. Nilimsomea mavyaa. Alinifutisha maneno mawili, yote mawili yalikuwa matusi. Rafiki yake wa Kingsbury akatia sahihi ya shahidi. Niliipeleka kwa mkono kwenye ofisi ya wafanyakazi ya hospitali, nikatoa fotokopi, nikasimama pale dirishani mpaka yule karani akaigonga muhuri na fotokopi yangu pia.

Yaliyotokea baadaye ni ya mavyaa kusimulia, na huyasimulia kwenye kila harusi, mikono yote juu ya kichwa kuonyesha urefu wa mlima aliouona, mpaka bibi harusi anasahauliwa. Mabuti yamo kabatini mwangu. Mimi langu ni barua, nayo naiweka hapa kwa Kiswahili, maana hasira yake ilikuwa ya Kiswahili tangu mwanzo.

"Yahusu: Malalamiko rasmi dhidi ya ripoti ya matembezi ya majaribio.

Mimi ni mkaza mwana wa mfanyakazi wenu wa usafi wa wodi, na naandika kwa ridhaa yake. Ripoti inasema alianguka na hakuitika. Hakuanguka. Alisali sala mbili za dini yake, rakaa mbili kila moja, na ndani yake kuna kusujudu mara nane. Mtu aliye ndani ya sala haitiki akiitwa, hata akiitwa na mkurugenzi wa hospitali. Shahidi aliyetia sahihi hapa chini alimwona kwa macho yake.

Ni kweli alifika dakika arobaini baada ya wengine. Katika muda huo kuna sala. Uliobaki ni mwendo ambao kiongozi wa safari mwenyewe aliufundisha mbele yetu sote, kwamba mlima mrefu hupandwa taratibu. Naomba nielezwe kwa nini aliyeyafuata mafunzo ameachwa na waliotapika wamechukuliwa.

Aliposema alikuwa anasali, hakusadikiwa. Kiongozi hakumwuliza swali hata moja. Aliniambia mimi nimweleze.

Tunaomba mambo matatu. Ripoti irekebishwe. Apimwe upya na mtu mwingine, mahali popote na kwa uzito wowote mtakaochagua. Kama mkikosa mlima, ngazi zetu zipo, na lifti haitamsaidia kwani ni mbovu. Akifaulu, jina lake lirudishwe kwenye orodha.

Nasubiri jibu kwa maandishi. Tafadhali mwandikieni yeye, msiniandikie mimi. Anasoma."