Maembe ya Mama Ahmad na Gurudumu la Nyuma

Josephine Buya hana haraka na tairi la mtu. Kibanda chake kiko njia panda ya Minjila, na madereva wa malori ya mifugo wakipiga honi kumhimiza, yeye huinama zaidi, akichunguza msumari umeingilia wapi na kwa nini pale, si kwingine. Wateja hulalamika kuwa huziba pancha kwa dakika kumi na kuwahoji kwa nusu saa. Lakini hurudi. Udadisi huo aliurithi kwa baba yake, mchonga mitumbwi wa Hewani, ambaye alipima kila kitu kwa vijiti viwili na tepu hakuwahi kuigusa.

Basi Kassim alipomwita nyumbani kwake Garsen, Josephine hakufuata kazi tu. Alitaka kuliona lile gari. Lilikuwa Mustang ya mwaka 1969, milango miwili, injini kubwa kuliko haja ya barabara yoyote ya Tana River. Kassim, dereva mstaafu wa mradi wa umwagiliaji, aliachiwa gari hilo na mhandisi mmoja aliyerudi kwao. Miaka tisa sasa lilikuwa limelala chini ya turubai, likiwashwa tu mara kwa mara injini isigande.

"Nyuma nalitaka nene, Mama Harrison," Kassim alimwambia Josephine. Alikuwa ameagiza Mombasa jozi mbili za rimu zilizokwisha vishwa matairi, moja ya inchi nane, nyingine ya inchi tisa. "Nifungie hizi za tisa. Kisha nimpeleke Mama Ahmad kwao Nanighi. Hajakubali kupanda tangu lile tairi lipasuke."

Mkewe, Mwanasiti, alikuwa barazani akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Mimi basi lanitosha," alisema.

Habari hiyo Garsen nzima iliijua. Walikuwa wakienda Nanighi kwenye harusi ya mdogo wake Mwanasiti, tairi la nyuma kushoto likapasuka kabla hawajafika Hola. Spea hawakuwa nayo. Harusi ikapita, dada wa bibi harusi ameketi kichakani. Kassim alisema pale pale kwamba kosa ni la magunia mawili ya maembe ambayo mkewe aling'ang'ania kuwapelekea wakwe wapya, na tangu siku hiyo kila alipoisimulia safari ile sokoni, maembe yalikuwamo. Watu walicheka hadi machozi. Mwanasiti hakucheka hata mara moja.

Josephine aliingiza jeki chini ya ekseli, si chini ya bodi, kwa kuwa gari lililoning'iniza magurudumu hudanganya vipimo. Akatoa gurudumu la kushoto. Kisha akachukua vijiti vyake viwili vilivyofungwa pamoja kwa kipande cha tyubu, akavivuta mpaka kimoja kikagusa springi kule ndani na kingine kikagusa ukingo wa madigadi. Nafasi yote ilikuwa hiyo. Akarudia upande wa kulia, na kulia kukazidi kwa unene wa kidole.

"Mbona pande mbili hazilingani?" aliuliza Kassim.

"Na wewe mabega yako yanalingana, Mzee?"

Mchagua jembe si mkulima, husemwa, lakini Josephine alichagua. Upana wa rimu ulimsumbua kidogo tu. Lililomsumbua ni rimu inakaa wapi, kwani rimu mbili za upana mmoja, moja huweza kuzama ndani na nyingine kutokeza nje. Akapitisha mkono kwenye ubavu wa springi unaotazama gurudumu, na hapo kidole chake kikatumbukia kwenye mfuo uliosuguliwa chumani. Kutu ilikuwa imeufunika, lakini mfuo ulikuwapo, laini, upana wa vidole viwili.

"Baba Ahmad, rimu za safari ile ya harusi ziko wapi?" aliuliza Josephine.

"Moja imekalia pipa la maji," alijibu Mwanasiti badala ya mumewe.

Josephine akaivuta, akaipindua, akalaza kijiti mgongoni mwake na kupima kina hadi pale inapokutana na gari. Akapima tena. Akapeleka kipimo kwenye springi, na hakukubaki nafasi hata ya unene wa njiti ya kiberiti.

"Gari likilemewa," alisema polepole, bado akifikiria, "madigadi hushuka, na tairi hukatwa huku nje, juu. Tairi lenu liligugunwa huku ndani, na springi hii. Mzigo hausukumi gurudumu ndani. Rimu hii ilizama mno, Mzee. Hata mngebeba hewa tupu, lingepasuka. Nani aliichagua?"

Aliuliza kwa kutaka kujua tu, kama kawaida yake, na papo hapo akajuta.

"Mimi," alisema Kassim. "Ilikuwa nene kuliko zote dukani."

Mwanasiti akaweka chini ungo wa mchele, akaja, akachuchumaa kando ya Josephine.

"Nionyeshe, dada."

Josephine akamshika mkono, akamwelekeza. Mwanasiti akaweka kidole ndani ya mfuo, akakipeleka mbele, akakirudisha nyuma.

"Na maembe yalikuwa wapi?"

"Kwenye buti la mizigo, Mama Ahmad. Hayakufika huku."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mwanasiti, akimkazia mumewe macho yenye hasira ya miaka tisa.

"Mwanasiti," alisema Kassim. Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu Ahmad azaliwe. "Hayakuwa maembe. Nilikuwa mimi. Nisamehe."

Mwanasiti akajifuta kutu kidoleni. Josephine, ambaye aibu ya mtu mwingine humwasha mikono, alirudi kazini. Akazipima rimu mpya kwa vijiti vyake. Zile za inchi tisa zingerudia ugomvi ule ule na springi. Za inchi nane ziliacha nafasi ya kidole ndani, hata upande wa kushoto. Akazifunga, kisha akapaka udongo mbichi wa mtoni chini ya ukingo wa madigadi, ili tairi likigusa, udongo useme.

"Sasa nahitaji uzito nyuma," alisema. "Ule ule wa siku ile."

Kassim alimtazama mkewe.

"Katafute maembe," alisema Mwanasiti. "Magunia mawili. Uyabebe mwenyewe."

Kassim aliyabeba, mgongo wake mbovu ukilalamika. Mwanasiti akajifunga leso vizuri, akainama, akaingia kiti cha nyuma.

"Kabla ya Nanighi pita sokoni. Wote uliowasimulia wako pale."

Waliondoka, Josephine mbele na vijiti vyake mapajani, akisikiliza upande wa kushoto kila walipopanda tuta. Hakusikia mkwaruzo. Walipofika sokoni alishuka wa kwanza, akachuchumaa na kuchungulia chini ya madigadi. Udongo ulikuwa mzima, bado una alama za vidole vyake.

Juu yake Kassim alikuwa amesimama mbele ya wanaume wa sokoni, akikohoa.

"Jamani, ile hadithi ya maembe," alianza, "niliikosea."

Kabla mtu yeyote hajasema kitu, Josephine alisikia kicheko. Kilitoka kiti cha nyuma.