Nilivyompeleka Baba Mkwe Kwenye Makaburi ya Mashujaa

Baba mkwe wangu hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa anakataa tu, kwa upole, huku anatafuta fimbo yake, na wewe unabaki na maneno yako mdomoni. Mume wangu alifukiwa na kifusi machimboni Msumbiji. Wenzake walipiga simu, wakasema shimo limeporomoka, wameshindwa kuwafukua waliokuwa ndani, wamesali pale juu wakaondoka. Mzee akasema hajaona maiti, hana msiba. Wanawake wa ukoo walikuwa wameshanivalisha nguo nyeusi, na nyeusi huvuliwa siku ya kuanua tanga. Kwake pale Tingi hapakuwa na tanga la kuanua, kwa hiyo nikabaki nazo.

Nilitaka kitu kimoja tu: akubali tumalize msiba, nivuliwe zile nguo, nirudi Mbinga kwa mama yangu nikachume kahawa kama watu. Mtoto hatukujaliwa. Kulia nilikuwa nimeshaacha. Ungenichoma sindano siku zile, ningekuuliza tu kama umemaliza.

Ndipo mzee akapangiwa kwenda Songea kutolewa mtoto wa jicho. Watoto wake wengine wako Dar es Salaam, wakasema mkwe yupo, atampeleka. Haya, nikampeleka. Asubuhi walipomfungua bandeji, mzee akaanza kusoma kwa sauti kila kibao njiani: duka la dawa, fundi simu, marufuku kukojoa hapa. Basi letu lilikuwa la mchana. Nikamwambia twende tukaone makaburi ya mashujaa wa Majimaji.

Msidhani ni mapenzi ya historia. Nilijua pale wamezikwa watu wengi shimo moja, walionyongwa na Wajerumani, na sidhani kama kuna mama aliyeitwa kumwosha mwanawe. Lakini viongozi wanakwenda kuwawekea maua, taifa zima linawaombolezea. Nilitaka mzee alione hilo kwa macho yake, kwamba mtu anaweza kuliliwa bila ndugu kushika maiti. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani.

Tulipofika, mimi sikuona kitu. Yaani niliona mnara, sanamu za wale wazee wametazama mbele, majani yamefyekwa vizuri, kaburi la pamoja. Mama aliyekuwa anatutembeza alieleza vizuri sana, sauti yake inashuka kila akifika kwenye kunyongwa, na wageni wengine wakawa wanajifuta machozi. Mimi nilikuwa nawaza viatu vyangu vinavyobana. Nikajichukia kidogo, halafu hata kujichukia kwenyewe kukaisha.

Kuna kaburi liko peke yake. Tuliambiwa ni la mmoja wa viongozi wao, na kwamba inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mzee akauliza kama kimerudishwa. Bado, kinatafutwa. Akauliza kinatafutwa tangu lini. Yule mama akamjibu kwamba tangu kiondoke imepita zaidi ya miaka mia moja.

Mzee akavua kofia, akanigeukia. Uso wake ulikuwa umechangamka namna ambayo sikuwa nimeiona tangu ile simu.

"Umesikia? Miaka mia, na hawajachoka."

Loh. Nilimleta mwenyewe, kwa miguu yangu. Yale maneno niliyoyapanga yakafia pale pale. Sasa tungerudi Tingi mzee ana nchi nzima upande wake.

Kwenye mgahawa wa stendi nilikaa pembeni kidogo, kama mkwe anavyokaa. Yeye alikula wali na maharage kwa hamu, anamsimulia mhudumu habari za kichwa. Hasira ikanipanda. Nikashangaa, maana kwa muda mrefu hakuna kitu kilichokuwa kimenipanda. Nikasema nikiwa natazama sahani yangu.

"Baba, mimi siwezi kungoja miaka mia."

Akaacha kutafuna. Akaniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka chini, taratibu, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuziona zile nguo vizuri.

"Nani amekwambia ungoje?" akasema. "Anayengoja ni mimi. Wewe mume utapata mwingine. Shuka Mbinga, mama yako akuvue hizo nguo."

Kumbe ningemuuliza hilo tu tangu mwanzo! Nilitegemea nitafurahi, au angalau nitaumia kwa kuambiwa hivyo kama mtu wa kupita. Wala. Nikamaliza chakula changu. Nikampigia simu dada wa mzee akampokee Tingi, nikamwelekeza mzee dawa ya matone na saa za kuiweka.

Basi lilipofika Mbinga nikamwambia, "Baki salama, baba." Akaitikia. Nikashuka na kibegi changu, nikasimama chini ya dirisha lake nimpungie mkono. Hakuniona. Alikuwa ameutazama mlango wa basi. Walikuwa wanapanda vijana wenye mabegi mgongoni, na yeye anamwangalia kila mmoja usoni, anamwacha, anahamia kwa anayefuata. Wa mwisho alipokaa, mzee akainuka kidogo kwenye kiti, akachungulia kama kuna mwingine nyuma yake.

Basi likaondoka. Mimi nikakaa chini pale pale stendi, kwenye vumbi, nikamlilia mume wangu.