Siku Wabunge wa Ulaya Walipokunywa Chai Uani Kwetu

Watu wote waliokuwapo siku ile nawajua kwa majina, na majina ya mama zao, na nani alijifunga leso gani. Lakini sitamtaja hata mmoja, maana wajukuu wao ni majirani zangu, na sitaki mtu aje kunigongea mlango aniulize mbona nimesema babu yake alitetemeka mbele ya Wazungu. Yatosha mjue kwamba kijiji chetu kilikuwa baina ya Timbwani na Mtongwe, na kwamba tulikuwa na visima viwili.

Kimoja kilikuwa katikati ya nyumba zetu, na maji yake yalikuwa ya munyu. Ukiyanywa kiu haikatiki, na ukiyafulia sabuni haitoi povu. Cha pili kilikuwa nje kidogo, chini ya minazi, karibu hata ukisahau kata nyumbani huoni taabu kuirudia. Maji yake matamu, baridi, yanakufanya ufumbe macho. Vita vikuu vilipokuja, jeshi likajenga kambi ya manowari, likazungusha seng'enge, na kisima chetu kitamu kikabaki ndani. Afisa mmoja akatuambia, vumilieni, vita vikiisha mtarudishiwa. Vita vikaisha, tukapiga vigelegele na ulimwengu mzima, na seng'enge ikabaki palepale. Yule afisa alikuwa keshapanda meli kurudi kwao, na kamanda aliyekuja baada yake akasema hana habari ya ahadi yoyote.

Basi maji ya kunywa yakawa ya kufuatwa kijiji cha pili. Kwenda ni saa nzima, kurudi ni zaidi, kwa kuwa kurudi una debe kichwani. Mama yangu wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, au kumi na miwili, nabeba mtungi mdogo, natembea nyuma yake nikitazama miguu yake ilivyovimba. Mkunga alikuwa amemkataza kubeba. Haya, asibebe, na nani abebe? Baba alikuwa kuli bandarini, twamwona siku moja moja. Bibi yangu, mzaa mama, magoti yake yalikuwa yamekwisha kazi, ila ulimi ulikuwa mzima.

"Mwanangu," alikuwa akimwambia Mama kila asubuhi, "mimba hiyo utaizalia njiani. Halafu mtoto tumwiteje? Debe?"

Mama hucheka. Kisha akitoka nje huacha kucheka, na mimi namwona.

Siku moja mzee wa mtaa akaja na habari. Wageni wanakuja kutoka Ulaya, watu wa baraza kubwa la kwao. Siku hizi mngewaita wabunge. Kazi yao ni kuihoji wizara ya vita: imechukua nini, imekitumiaje, na sasa kama vita vimekwisha, mbona bado imekishika.

Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. "Yaani serikali yaja kuiuliza serikali?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na hiyo inayoulizwa itajibu?"

"Lazima ijibu. Ndiyo sheria yao."

Bibi akacheka hata akashika ubavu. "Hayo nataka niyaone kwa mato yangu kabla sijafa."

Ikakubaliwa kwamba mzee wa mtaa ndiye atakayesema habari ya kisima, na wageni watanywa chai kwenye baraza la nyumba yetu, kwa sababu ndilo lililokuwa pana. Tukafagia kijiji kizima. Tukapaka baraza chokaa, tukatandika mikeka mipya. Mama akaumua mahamri. Sukari siku zile ilikuwa ya kipimo, na Bibi akatoa yote iliyokuwamo ndani, hata ile aliyoificha. Na maji ya chai, mimi na Mama tulikwenda kuyafuata kule mbali, mtungi mmoja wa wageni, marufuku mtu wa nyumbani kuugusa. "Mgeni hapewi munyu," alisema Bibi. Sikuona kosa, na Mama hakuona. Ndivyo tulivyolelewa: mgeni unampa kilicho bora, na shida za nyumba ukazifunika kawa.

Wakaja asubuhi. Wabunge walikuwa watatu, wanaume wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na mwanamke mmoja mwenye kofia ya ukindu. Pamoja nao kamanda wa kambi, nguo nyeupe pe, na mkalimani, bwana mmoja mtu mzima wa Rabai, mwenye miwani, aliyesoma misheni. Wageni na wanaume wa kijiji wakaketi barazani. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya mlango, tumebanana, jicho langu kwenye ufa.

Mbunge mrefu akafungua daftari lake, akauliza, na mkalimani akafasiri: "Habari zenu? Je, mna shida yoyote na jeshi?"

Mzee wa mtaa akaweka mkono kifuani. "Njema, alhamdulillahi. Hatuna shida yoyote. Karibuni."

Mkalimani akafasiri. Mbunge mrefu akaandika. Kamanda akatabasamu kama paka aliyeachiwa samaki.

Sasa, mtu wa kwetu anajua pale palikuwa hapajasemwa kitu. Kwetu ukiulizwa habari hujibu njema, hata kama paa linaungua. Mgeni anakaa, anakunywa, anauliza tena taratibu, "Enhe, habari za tangu zamani?" Hapo ndipo unajibu, "Njema, ila..." Hiyo ila ndiyo habari yenyewe. Mzee wa mtaa alikuwa ameketi anaingojea mara ya pili. Wazungu hawakuuliza mara ya pili. Waligeuza ukurasa.

Chai ikatolewa. Mbunge mfupi akanywa, akasifu, akauliza kupitia kwa mkalimani kama maji ya hapa ni mazuri.

"Mazuri, bwana," akasema mzee wa mtaa, maana mgeni akisifu chai yako huwezi kumbishia. "Mazuri sana."

Mbunge mfupi naye akaandika.

Nyuma ya mlango Mama akashika kichwa. "Yallah! Ametumaliza."

Bibi akautwaa mkongojo wake. Kisha akaniita.

"Abee, Bibi."

"Nenda kawaambie, yule mwanamke mwenzetu haketi na wanaume juani. Aingie uani."

Nikaenda nikasema, mkalimani akafasiri, na yule mama wa Kizungu akainuka mara moja kana kwamba alikuwa akingoja kuitwa. Alipofika uani akatafuta pa kuketi, akaona kibao cha mbuzi tunachokunia nazi, nusura aketi kwenye meno yake. Mama akamdaka mkono. Wanawake wakacheka, naye alipokiona kile chuma alichoponea chupuchupu akacheka kuliko wote. Akaketi mkekani.

Mkalimani naye akataka kuingia. Bibi akamzuia mlangoni.

"Wewe wapi? Humu wanawake hawakujifunika."

"Bibi, mimi ndiye mdomo wake."

"Mdomo ubaki huko. Sauti itaingia."

Basi akawekewa kiti ukumbini, nyuma ya pazia, anafasiri asiowaona.

Mgeni wetu akamaliza kikombe alichokuja nacho, akakishika kwa mikono miwili, akasema neno. Pazia likasema: "Anashukuru, anauliza kama anaweza kupata kikombe kingine."

Mama akauinamisha mtungi wa wageni. Tone moja. Akamnong'oneza Bibi, "Mama, maji yamekwisha. Na sukari."

Bibi akautazama mtungi. Akalitazama tumbo la Mama. "Mpe tunayokunywa sisi matamu yakitukaukia."

"Ya munyu? Mama! Mgeni?"

"Cha kwanza ni cha heshima. Ameomba cha pili mwenyewe, basi cha pili ni cha nyumba."

Nikateka maji ya kisima cha kati, nikapuliza moto, Mama akatia majani na tangawizi. Mgeni akanywa funda kubwa, la mtu aliyezoea. Nilimwona akibana midomo. Akachungulia ndani ya kikombe kama aliyeangusha kitu. Lakini alimeza, hakutema, na kwa hilo nampenda mpaka leo.

"Anauliza," likasema pazia, "mmetia nini?"

"Mwambie hatukutia kitu. Hayo ndiyo maji yetu."

"Anauliza, na yale ya kwanza?"

"Yale ni ya wageni. Yametoka mwendo wa saa nzima, kichwani mwa huyu hapa." Bibi akamshika Mama mabega, akamgeuza ubavu, tumbo likaonekana lote.

"Kichwani mwa nani, Bibi?" likauliza pazia.

"Mwambie atazame! Hapa wewe huna kazi."

Mgeni akatazama. Akasema jambo polepole, na mkalimani akakohoa kabla ya kulifasiri. "Anauliza, mbona mzee amesema hamna shida?"

"Na wewe wa Rabai," Bibi akasema, "kwenu mtu akiulizwa habari hujibuje?"

"Hujibu njema, Bibi."

"Basi ulijua! Mbona hukuwaambia waulize mara ya pili?"

"Bibi, mimi nimeajiriwa kufasiri yaliyosemwa."

"Haya, leo fasiri yasiyosemwa."

Akafasiri. Sijui alisema nini, lakini alisema kwa muda mrefu, na nikalisikia jina la kijiji chetu mara nyingi. Yule mama akauliza kisima kitamu kiko wapi. Wanawake wote tukanyoosha kidole upande mmoja, kwenye minazi iliyokuwa ikionekana juu ya ukuta wa ua.

Akainuka, kikombe mkononi, akatoka mpaka barazani, akampa kamanda. Kamanda akaona wazi anaambiwa anywe. Akanywa. Akakohoa, chai ikamchuruzika kwenye zile nguo nyeupe pe.

Kisha yule mama akaanza kumuuliza, amesimama, yeye kamanda ameketi, halafu kamanda naye akasimama. Mkalimani alikuwa akimfasiria mzee wa mtaa kwa sauti ya chini, na sisi nyuma ya mlango tukisikia. Je, kambi inakunywa maji ya kisima kile? Hapana, ina bomba kutoka mjini. Je, kinazuia hatari yoyote? Hapana. Basi kinafanya kazi gani?

Kamanda akapangusa chai kifuani. Akasema neno moja. Mkalimani akavua miwani, akaifuta, akasema, "Mabaharia wanafulia soksi zao za kuchezea mpira."

"Soksi?" akauliza mzee wa mtaa.

"Soksi."

"Wallahi, yajibu!" Bibi akapiga ukelele nyuma ya mlango. "Serikali yajibu kweli!"

Baraza zima likageuka kuutazama mlango. Mzee wa mtaa akajikohoza. Mkalimani akamwinamia mbunge mrefu, akamnong'oneza, na mbunge mrefu akafungua tena ule ukurasa aliokwisha kuufunga, akamgeukia mzee wa mtaa, akamuuliza upya, "Habari zenu?"

"Njema," akasema mzee wa mtaa, akavuta pumzi. "Ila..."

Akaongea mpaka mahamri yakaisha.

Waliondoka, na sisi tukabaki na mitungi yetu mikavu. Msidhani palifanyika muujiza. Mama aliendelea kwenda kule mbali, ila sasa debe nalibeba mimi, naye anachukua mtungi mdogo, na shingo yangu imekuwa fupi tangu siku hizo. Mwezi ukaandama, na mwingine. Watu wakaanza kumtania Bibi: "Serikali ilijibu, lakini haikusikia!" Yeye akisema, "Ngojeni kikombe cha pili."

Siku moja asubuhi tukasikia vyuma vinagongwa. Mabaharia walikuwa wanang'oa nguzo na kuzirudisha nyuma, nyuma ya kisima, seng'enge ikiburutwa kama nyoka. Kamanda alikuwapo mwenyewe. Alipomwona Bibi na mkongojo wake akajaribu Kiswahili. "Habari, Bibi?"

"Njema."

Kamanda hakuondoka. Alisimama pale juani anangoja, na Bibi naye akamwacha angoje.

"Hapana ila," akasema Bibi mwishowe. "Nenda zako salama."

Ndoo tatu za kwanza tulizimwaga, kwa ajili ya soksi. Siku ya nne Mama akashikwa na uchungu, nyumbani, kitandani kwake, na mkunga alipoomba maji nilikwenda na kurudi kabla hajamaliza kukunja mikono ya nguo. Alikuwa mtoto wa kiume. Baba alimpa jina zuri la babu yake, likasomwa na dua. Bibi alimwita Debe mpaka siku aliyooa, na mbele ya wakwe.