Mia ya Bibi

Harufu ya samadi iliyochanganywa na udongo wa msituni hunirudisha kwenye kitalu cha bibi yangu, juu ya Lushoto, masika yale nilipokuwa darasa la sita. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimemkabidhi viriba mia moja arobaini na vinne vya miche, kila kifuko na mche wake, aikuze kisha aipande kando ya kijito tulikochota maji. Bibi aliihesabu kwa kidole gumba, akikipitisha juu ya pingili za vidole vingine vinne, pingili tatu kila kidole. Zikitimia kumi na mbili, anaanza upya. Hata kuandika aliandika hivyo hivyo: moja na sifuri kwake ni kumi na mbili, na moja yenye sifuri mbili ni kumi na mbili mara kumi na mbili. Kwa kuwa kumi na kumi na moja zilikosa tarakimu zao, alizitungia. Kumi ni mche wa jani moja, kumi na moja ni mche wa majani mawili.

Alinifundisha mimi peke yangu. "Kumi yenu ya shule, wakija watatu, mche mmoja unabaki wa kugombania," alinitania. "Yangu ikiishia na sifuri, waje wawili, watatu, wanne, hata sita, wote wanaondoka sawa." Nilijaribu namba moja baada ya nyingine nikakuta ni kweli, na nikaringa moyoni kama mtu aliyeonyeshwa mahali pa siri.

Miche ilipandwa yote. Wiki ileile mvua ikabomoa ukingo, ikasomba karibu kila kitu. Kilichobaki ni daftari la Bibi, na ndani yake iliandikwa: imepandwa 100, ile moja yake yenye sifuri mbili. Katibu wa kikundi alikuwa mwalimu wangu wa hesabu, mtu wa Tanga mjini asiyejua Kishambaa. Alilisoma pale kitaluni mbele ya akina mama wote, akauliza arobaini na minne imekwenda wapi. Mmoja akanong'ona kwamba Bibi ana ndugu kijijini Bungu, huenda miche imeishia kwao. Bibi alieleza kwa Kishambaa, kidole gumba kikitembea, wengine wakacheka.

"Mjukuu wangu anajua," akasema. "Muulizeni."

"Haya," mwalimu akanigeukia, "hii ni ngapi?"

Nilikuwa wa kwanza darasani. Niliogopa kuonekana mshamba anayehesabu kwa vidole.

"Ni mia, mwalimu."

Bibi hakunikemea. Alikunja kiganja, akakiingiza ndani ya kanga. Kitalu akapewa mwingine. Aliendelea kunipikia na kuitikia shikamoo yangu kama kawaida, lakini hakuhesabu tena mbele yangu mpaka alipofariki, nami sikumwomba radhi. Ningeweza. Nilikuwa na miaka mingi ya kufanya hivyo.

Leo nafundisha hesabu chuoni. Kile kilichochekwa kitaluni sasa ni somo lenye mtihani, na vijana hulipenda. Mwaka huu, nilipofika kwenye kumi na kumi na moja, mkono wangu ulichora wenyewe mche wa jani moja, kisha wa majani mawili. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, alama hizi nzuri. Nani alizibuni?"

Darasa zima lilikuwa likinitazama.

"Zipo tu vitabuni," nikasema, nikafuta ubao.