Sanduku la Hotuba za Mzee Gaspari

Siku yangu ya kwanza kazini, bomani Ngara, Karani Mkuu alinikalisha mbele ya taipureta, akasema, "Binti, hapa ukikosea herufi moja, wilaya nzima imekosea." Nilichapa kwa kidole kimoja mpaka mchana. Ninyi vijana mnabonyeza na kufuta. Sisi tulichapa kwenye stensili, karatasi laini yenye nta. Herufi ziliitoboa, tukaipachika kwenye mashine ya kudurufu na kuzungusha mkono wake, wino ukitupaka hadi viwiko. Tulidurufu upande mmoja tu, wa nyuma ukabaki mtupu.

Ndipo nilipomjua Mzee Gaspari wa Kibimba, mkulima wa kahawa aliyegombea ubunge kila uchaguzi na kushindwa kila uchaguzi. Jina lake lisipokatwa na chama huko juu, maana kilikuwa kimoja tu, alipewa alama ya jembe, mwenzake nyumba, na nyumba ikashinda. Watu wa kijiji jirani cha Mugoma walimtania kwamba jembe lake limeliwa na kutu. Naye alicheka nao.

Siku za Jumamosi, kwa ruhusa ya Afisa Tawala, alileta karatasi na wino wake nimchapie na kumdurufia hotuba.

"Shikamoo, Mzee. Tena?"

"Marahaba, mwanangu. Tena."

Zote zilianza hivi: *Mimi Gaspari wa Kibimba, naomba kura yako, nikuletee maji.* Siku zile mgombea hakuruhusiwa kugawa makaratasi yake mwenyewe, basi alizitunza sandukuni, uvunguni mwa kitanda. "Siku yake itafika," alisema.

Nilihamishiwa Biharamulo, chini ya Afisa Utumishi asiyejua kucheka. Niliporudi Ngara, vyama vingi vilikuwa vimeingia, na Gaspari amepata chama. Sasa angeruhusiwa kugawa. Alikuwa na furaha ya bwana harusi.

Kampeni hazijaanza, wakimbizi wa vita vya nchi jirani wakavuka daraja la Rusumo. Vilima vikafunikwa maturubai, na karatasi ikaadimika madukani mpaka Lusahunga. Mwalimu mmoja mkimbizi alikuja ofisini kuomba karatasi, wanafunzi wake wakiandika mavumbini kwa vidole. Bosi wangu akamwambia hakuna. Gaspari, aliyekuwa kwenye benchi akinisubiri, akauliza, "Wakiandika upande wa nyuma, itafaa?"

"Itafaa sana, Mzee."

Nilimvuta koti. "Mzee, hao hawapigi kura!"

"Najua, mwanangu. Wanaopiga wameshaninyima."

Sanduku zima likaenda kambini. Akagombea mikono mitupu, akashindwa vibaya kuliko miaka yote. Nilimkasirikia sana. Maisha yake yote yalikuwa mle sandukuni, na hakubakiza hata nakala moja.

Kisha wakimbizi wakaamriwa kurudi kwao. Mimi na Gaspari tulisimama kando ya barabara, umati ukipita na mizigo. Msichana mwenye mkeka kichwani akamwona, akaita, "Gaspari wa Kibimba!" Mwalimu wao alikuwa amewafundisha kusoma Kiswahili kwa upande wa mbele wa karatasi zile zile, na Gaspari alikuwa akienda kuwasikiliza. Watoto wengine wakaitikia kwa sauti ya darasani, "Naomba kura yako, nikuletee maji!" Ikaenda hivyo barabara nzima, kundi kwa kundi. Gaspari alivua kofia, akaishika juu mpaka wa mwisho akapita.

"Umesikia, mwanangu?"

Nilisikia, na machozi yalinitoka.

Sasa nimestaafu, na Mzee Gaspari tumeshamzika. Juzi binti yake alinijia. "Shikamoo, mama. Huna hata hotuba moja ya baba?" Nilipekua makabati, nikapekua masanduku. Mimi niliyezichapa zote sina hata moja. Ninazitamani, hata ile iliyochafuka wino tukaitupa. Ninazitamani zile Jumamosi, na hodi yake mlangoni.

Nikamsomea kutoka kichwani: *Mimi Gaspari wa Kibimba, naomba kura yako, nikuletee maji.* Nikaendelea mpaka mwisho.

Binti alifuta macho kwa upindo wa kitenge chake.

"Tena, mama," akasema.